Kuhani wa Ngazi ya Tisa

Siku ile tulikuwa watano. Nilikuwepo mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye siku hiyo hakuwa anaongea na mtu. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa darasa la tatu. Binti wa fundi wa kombaini, mzungu aliyekulia pale pale kwenye shamba la ngano. Na mama muuza maziwa, aliyekuja na vibuyu vyake akakaa kumsubiri mwenye nyumba. Mbwa simhesabu.

Tulikaa barazani kwa fundi, upande unaotazama mlima Hanang. Ngano ilikuwa imeshavunwa, yamebaki mabua hadi macho yanapochoka, na karakana ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa Jumapili. Ndani ya nyumba masanduku yalikuwa yamefungwa. Mkataba wa fundi ulikuwa umekwisha, na kesho yake asubuhi familia ile ilikuwa inarudi kwao moja kwa moja.

Mimi nilikuwa nafua na kupika katika nyumba ile. Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao baba na mama walifariki wakifuatana, na kazi niliipata kwa sababu baba alikuwa dereva wa trekta la shamba na fundi alimfahamu. Wadogo zangu walinifuata kazini mchana, na ndivyo walivyoingia kwenye mchezo wa binti yule.

Mchezo wenyewe nilikuwa nausikia tu kutoka jikoni. Binti ndiye msimuliaji. Anasema mko mbele ya pango, mnasikia harufu ya moshi, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, akili yake, vitu alivyobeba. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama ameweza. Akishinda mengi, anapanda ngazi. Mdogo wangu alikuwa na mpiga mishale. Alimwanzisha ngazi ya kwanza, likizo tatu nyuma, hana hata viatu, akampandisha mpaka ya saba. Jumatano ya wiki ile mpiga mishale alidumbukia shimoni akafa.

Mdogo wangu alirudi kota za wafanyakazi, hakula ugali. Kesho yake hakula makande. Alikuwa amesimama kwenye makaburi mawili bila kulia mbele yangu, na sasa alikuwa analia kwa ajili ya karatasi. Sikumcheka.

"Anaweza kufufuliwa," binti alisema Jumapili ile, akifunua kitabu cha mchezo, cha Kiingereza. "Na kuhani. Lakini awe ngazi ya tisa kwenda juu, na sisi hatuna."

"Tumtengeneze," alisema mdogo wetu wa mwisho.

"Nani awe naye? Nyie mna watu wenu, mimi nasimulia."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nachambua maharage.

"Kufufua ni kazi ya Yesu," nikasema.

"Hawa ni wa karatasi, dada," mdogo wangu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi, kwa hiyo nikaweka ungo chini.

Nikapewa dadu tatu. Nilipozirusha kwa ajili ya nguvu zake, nikapata tano.

"Tano!" Binti akacheka. "Dada, huyu hata ndoo ya maji hawezi kunyanyua."

"Atabebewa. Endelea."

Kwa ajili ya busara yake nikapata kumi na saba, na hapo binti akaacha kucheka. Akanipa penseli. "Sasa andika ngazi ya tisa, tuanze."

Nikaishika penseli bila kuandika. "Amefikaje huko?"

"Nani?"

"Kuhani. Mpiga mishale alipanda moja moja, likizo tatu. Huyu wangu anazaliwa yuko juu?"

"Kitabu kinaruhusu."

"Sibishani na kitabu. Nauliza amepita wapi."

"Dada, tunaondoka kesho!"

"Basi tufanye haraka."

Sikuwa namsumbua. Nilitaka kujua kweli. Mimi mwenyewe niliamka asubuhi moja nikiwa mama wa watoto wawili, na ngazi ya pili na ya tatu sikuziona. Nilidhani labda kwenye kitabu kile wameandika zilipo.

Hawakuandika. Ikabidi tuzitunge. Ngazi ya kwanza, binti akasema, alikuwa anafagia hekalu. Ya pili alijifunza kuponya homa. Ya tatu, mdogo wetu wa mwisho akasema, alimponya punda. Tukabishana kama punda anahesabika, tukakubali anahesabika. Ya tano alikosea dawa, mtu akafa, akakaa mwaka mzima bila kumgusa mgonjwa. Hiyo niliisema mimi, na binti akaniuliza, "Sasa hapo amepandaje?" Nikamjibu kwamba baada ya mwaka alirudi kazini. Akafikiri, akaandika.

Mama muuza maziwa alikuwa anatusikiliza muda wote.

"Huyo mtu wenu ana ng'ombe wangapi?"

"Hana, mama," nikasema.

"Hana ng'ombe, na anafufua watu?" Akacheka mpaka vibuyu vikagongana. "Ndugu je?"

Nikaitazama karatasi. Kulikuwa na nafasi ya upanga, ngao, kamba, mienge, hata chakula cha safari. Nafasi ya ndugu haikuwepo. Nikaigeuza, nikaanza kuandika nyuma.

Tulipofika ya tisa, jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Basotu. Binti akasoma kanuni ya kufufua. Kuhani anahitaji kito kikubwa, na kito hicho kinateketea chote.

"Andika anacho," akasema. "Wa ngazi ya tisa hawakosi kito."

"Anacho," nikasema. "Lakini si chake. Amewekewa."

Binti hakuelewa, nikamweleza. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye boma lake. Anamwekea huyu mmoja, yule mmoja. Wewe unakunywa maziwa, unapata samadi, lakini ng'ombe ni wake. Tulipokuwa bado tunaishi Tumati, kabla ya kuja shambani, baba aliwekewa ng'ombe na rafiki yake wa Nangwa. Ng'ombe akaanguka korongoni akafa. Baba alimchuna, akajitwisha ngozi iwe ushahidi, akatembea siku mbili mpaka Nangwa, nami nikimfuata nyuma na chupa ya maji. Alifika, akaiweka ngozi chini mbele ya rafiki yake, akasema, "Nimekuja." Hakuongeza neno mpaka walipokwisha kuitazama.

Kuhani wangu hakuwa na mali, basi kito kikubwa hivyo angekipata wapi kama si kuwekewa? Niliandika kwamba mwenye kito ni mwanamke wa milimani. Nilipoinua penseli ndipo nikaona nilichofanya. Cha kuwekewa huwezi kukiteketeza.

"Futa," mdogo wangu akasema. "Dada, futa tu. Andika ni chake."

"Si chake."

"Basi atabaki shimoni!" Akasimama. "Kesho wanaondoka, atabaki shimoni siku zote!"

Kufuta ningeweza, penseli ilikuwa mkononi. Mama muuza maziwa ndiye aliyesema, polepole, kama anayemweleza mgeni njia. "Watoto wakifa njaa, ng'ombe wa kuwekewa atachinjwa. Lakini utaipeleka ngozi."

"Kito hakina ngozi," binti akasema.

"Si huyo hapo," mdogo wetu wa mwisho akamnyooshea kaka yake kidole. "Apelekwe mpiga mishale mwenyewe, awe ndiyo ngozi."

Tukakubaliana hivyo. Kuhani akakiteketeza kito. Binti akasema aliyekufa lazima naye astahimili kurudi, saba au zaidi kwenye dadu ya nyuso ishirini. Mdogo wangu akarusha kwa nguvu mno, dadu ikaanguka nje ya baraza, kwenye vumbi, mbwa akaifuata. Tulikimbia wote, hata mama muuza maziwa. Dadu ilionyesha kumi na mbili. Mdogo wangu akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akauliza kama kuna maharage.

Safari ya kumpeleka milimani hatukuicheza. Mama wa binti alimwita akaoge, na asubuhi gari liliondoka. Karatasi zote binti alimwachia mdogo wangu.

Sasa mdogo wangu anaishi kijiji cha Daudi, ana watoto wake. Kila nikienda kwake ananipokea mzigo, ananiambia, "Shikamoo, dada. Tunaondoka lini?" Namjibu marahaba, namwambia ngoja mvua zipite. Hatuna dadu, hatuna msimuliaji, wala hatujui mlima wenyewe uko wapi. Mistari iliyo nyuma ya karatasi ya kuhani bado inasomeka, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Kito amewekewa na mwanamke wa milimani. Kimetumika. Mwenyewe hajaambiwa.