Goti la Lipiko

Baba yangu hajawahi kumwona lipiko akicheza. Amezaliwa Ziwani, ameoa Ziwani, amelima mikorosho na mihogo Ziwani maisha yake yote, na kila lipiko anapotokea kijijini, yeye hayupo. Watu wanatoka mjini na kamera zao kuja kumtazama, na sisi watoto tulimwona tangu tukibebwa mgongoni, lakini baba kila mara ana shughuli shambani. Ni bahati mbaya ya ajabu.

Kwa asiye wa kwetu, lipiko ni mchezaji anayevaa kinyago cha mti kinachomeza kichwa kizima. Mwili wote hufungwa nguo usione hata ukucha, miguuni ana njuga, na anatazama nje kupitia mdomo wa kinyago. Kwetu tunasema huyo si mtu. Ni mgeni, katoka huko alikotoka, na wanaume ndio wanaojua namna ya kumwita na kumrudisha. Sisi wanawake kazi yetu ni kukimbia, kurudi, kuchungulia na kutojua. Hasa kutojua. Na mimi sijamwona mwanamke anayejua kutojua kama mama yangu.

Siku ya ngoma baba hutoka na kiroba begani. "Nakwenda kutazama shamba," husema. Kiroba kinalia chwa, chwa, kila anapopiga hatua. Mama hujibu, "Haya, ukirudi upitie kuni," kisha huanza kuimba kwa sauti ili asisikie kiroba. Jioni baba hurudi kaoga, kavaa kanzu safi, bila kuni. Anakaa mkekani na kuuliza kulikuwa na nini huko, mbona kasikia ngoma. Mama humsimulia yote, lipiko kaingiaje, kazungukaje, nani kakimbia akaacha kandambili. Akisema, "Leo kawaua," baba anamaliza ugali wake na wa mama. Akisema, "Leo alikuwa mzito mzito," baba anasukuma sahani na kusema kisamvu kina mchanga.

Nimekua nikidhani ndoa zote zinaendeshwa hivyo. Nilipoolewa nilimshangaa mume wangu aliponiambia kweli alikuwa wapi.

Taabu ilianza goti la baba la kulia lilipoanza kuvimba. Hospitali wakamwambia aache kuruka na kuchuchumaa. Daktari alimweleza mama waziwazi kwamba mzee akiendelea kulitesa, mwisho wake atashindwa hata kufika kwenye mikorosho yake. Baba akasema yeye haruki, ataruka wapi mtu mzima. Mama akaitikia kwamba ndiyo, daktari, huyu haruki kabisa. Wakarudi nyumbani na dawa ya kuchua.

Hebu fikiria shida ya mama. Anataka mume wake aache kucheza. Ili amwambie aache, inabidi kwanza ajue kwamba anacheza. Na akijua, ameharibu kitu ambacho wameketi juu yake tangu siku walipooana.

Alianza kwa njia ya taarifa ya jioni. "Huyu lipiko siku hizi kachoka," alimwambia baba. "Wangetafuta mwingine." Baba alinuna mpaka kuku wakajua. Ngoma iliyofuata alikwenda kutazama shamba mapema kuliko kawaida, na lipiko akaruka kama mwenye hasira na dunia. Usiku ule, mama alinisimulia baadaye, baba alilala akiuma shuka.

Ndipo mama akamwendea baba yangu mdogo, mpigaji ngoma mkuu.

"Shemeji, huyo lipiko wenu anachechemea."

"Lipiko hachechemei, shemeji. Ndiyo mchezo wenyewe huo."

"Goti lake limevimba."

"Umeliona wapi wewe goti la lipiko?"

Mama akaaga, maana hapo alikuwa ameshikwa pabaya.

Basi akanifuata mimi Shangani, na ndoo ya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, iliyochemshwa. Mimi nafanya kazi ofisini hapa mjini, na wakati ule nilikuwa nimetiwa kwenye kamati ya sherehe ya utamaduni kwa sababu moja tu, kwamba ni mwenyeji. Kamati ilitaka lipiko wa Ziwani ndiye afunge sherehe.

"Wekeni vikapu," mama akaniambia. "Vikapu navyo utamaduni."

"Vikapu vipo, mama. Wanataka na lipiko."

"Lipiko ntu mzima yule." Akashtuka kusikia alichosema. "Yaani, naona mimi. Kwa mbali."

Nikalipeleka suala kwenye kikao. Mwenyekiti wetu alikuwa afisa mmoja mtu wa bara, mwema kabisa, aliyejishonea mashati ya kitenge kwa ajili ya kazi hii. Nilimwambia lipiko wa Ziwani afya yake haiko sawa.

"Kwani ana umri gani?"

"Sijui."

"Anaitwa nani?"

"Haitwi."

"Basi anaishi wapi, tukamwone?"

"Haishi."

Alinitazama kwa huruma, akanisogezea chupa ya maji, akapita kwenye ajenda ya maturubai. Nilikasirika, lakini sikuwa na pa kushika. Kama mimi, mwanamke mzima, ningesema ni baba yangu, mbele ya watu waliokuwa wanaandika, nisingeweza kurudi Ziwani hata kwa mazishi.

Baba na mama walikuja kulala kwangu usiku wa kuamkia sherehe. Asubuhi, baada ya chai, baba akachukua kiroba chake na kusimama mlangoni. Hapo ndipo nilipoona jasho linamtoka, kwa sababu Shangani hakuna shamba la kutazama. Mama alikunja mikono akamsubiri. Sijui kama alikuwa anamwonea huruma au anafurahia, nadhani vyote.

"Nakwenda bandarini," baba akasema mwishowe. "Kutazama meli."

"Meli gani?"

"Itakayokuwepo."

"Haya. Na kiroba?"

Baba alikitazama kiroba kana kwamba kimemfuata chenyewe. "Jua kali. Nitakalia."

Akaondoka. Kutoka dirishani nilimwona anavyoshuka ngazi, mguu mmoja kwanza, kisha unaungana na mwenzake kabla hajajaribu ngazi nyingine. Mama naye aliona. Hakuimba safari hii.

Uwanjani tulikaa mbele, kwenye viti vya plastiki, jirani na jukwaa la mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye kilemba kirefu na sauti ya upole. Vikapu vilipita. Vinyago vya kuuza vilipita, sindimba ikachezwa, mgeni rasmi akatikisa bega moja na uwanja wote ukamshangilia. Kisha ngoma za Ziwani zikaanza, na wanawake wote wa kwetu tukainuka tayari kwa kukimbia. Hata mimi niliinuka, na viatu vyangu vya ofisini.

Lipiko aliingia. Kinyago kilikuwa na masharubu ya manyoya ya mbuzi na meno mawili, na kichwa akikigeuza pole pole kama anayetafuta mtu wa kumdai. Nikapiga kelele. Nimesoma, nina mume na watoto, na najua anachopenda kula, lakini yule alipogeuka upande wangu nilikimbilia nyuma ya turubai. Alikuwa mzuri jamani. Alitetemesha mabega mpaka nguo zikavuma, akamfukuza afisa wetu kuzunguka mlingoti wa bendera, na watu wa bara waliokuja na watoto wao wakajikuta wamepanda juu ya viti.

Ngoma zikabadilika. Ni ule mdundo ambao lipiko anatakiwa ashuke chini kabisa, atulie, kisha aruke juu. Akashuka. Akatulia.

Hakuruka.

Baba mdogo akaurudia mdundo. Watu wakapiga makofi wakidhani anawachelewesha makusudi. Akaurudia tena. Kinyago kikatikisika kidogo, na goti la kulia likabaki pale pale mchangani. Simu zilikuwa juu kila upande. Mama alikuwa amekamata mkono wangu, na kucha zake ziliniingia.

Afisa alikuwa wa kwanza kufahamu kwamba kuna tatizo, na wa kwanza kulifanya liwe kubwa. "Ndugu wananchi, mchezaji wetu anaonekana amezidiwa," akatangaza. "Huduma ya kwanza, tafadhali. Mvueni hicho kinyago apate hewa." Vijana wawili wenye fulana nyekundu wakaja mbio na machela. Wapiga ngoma wakasimama, baba mdogo ameinua fimbo zake, na niliona kwamba kutapigwa mtu. Kwa baba kuvuliwa kile kinyago mbele ya wanawake na watoto ilikuwa ni sawasawa na kuvuliwa suruali, na pengine suruali angeivumilia.

Mama akaachia mkono wangu. Akajifunga khanga, akaingia uwanjani, akatembea moja kwa moja mpaka kwa lipiko. Wanawake wa Ziwani waliguna kwa pamoja, maana hakuna anayefanya hivyo. Wale vijana wa machela walisimama. Mama akapiga magoti mbele ya kile kinyago, na afisa wetu, aliyedhani kwamba hii nayo ni sehemu ya utamaduni, akamsogezea kipaza sauti.

"Mgeni, pole na safari," mama akasema. Sauti yake ikatoka kwenye maspika yote. "Mimi nina nzee wangu. Leo hayupo, kaenda bandarini kutazama meli."

Lipiko hakusogea.

"Nzee wangu goti lake bovu. Daktari kamkataza, hasikii. Usiku namsikia anaugulia, asubuhi ananiambia kateleza shambani. Wewe unatembea sana. Ukikutana naye, mwambie nke wake anaogopa. Mwambie sitaki aje abebwe kwenda kuziona korosho zake. Mimi mwenyewe kumwambia siwezi, kwa sababu mimi sijui kitu."

Akavuta pumzi. Wauza karanga waliweka masinia yao chini.

"Na wewe nawe, mgeni. Nimekutazama tangu niko binti. Hajatokea lipiko akanifurahisha kama wewe. Yale maneno kwamba umekuwa mzito nilisema tu, nilitaka upumzike. Umecheza inatosha."

Kisha akainuka, akapangusa mchanga magotini, akatugeukia sisi. "Wanawake, mgeni anataka kwenda zake, na akiondoka hatazamwi. Geukeni."

Hilo halikuwa desturi. Mama alilitunga pale pale. Lakini wanawake wa Ziwani waligeuka mara moja kama waliofundishwa tangu utotoni, wa mjini wakafuata, watoto wakageuzwa, na mgeni rasmi naye akasimama kwa heshima zote, kilemba na wasaidizi wake, akalipa jukwaa uso na uwanja mgongo. Nyuma yangu nikamsikia afisa akiuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nigeuke?" Baba mdogo akamwambia, "Wewe shika mguu ule."

Tulisikia njuga zikienda mbali pole pole, bila mpangilio. Mama alikuwa pembeni yangu, anatazama ukuta wa jukwaa, machozi yanamtoka na hayafuti. Nami nikalia, na mgeni rasmi akatupa leso yake tugawane.

Jua likizama baba alifika nyumbani kwa bajaji. Dereva alimshika mkono mpaka barazani. Alikuwa amevaa kanzu yake safi, na kiroba hakuwa nacho. Mama akamwekea mto nyuma ya mgongo.

"Meli zilikuwaje?" akamuuliza.

"Kubwa."

Tukakaa. Nikaleta chai, nikataka kurudi jikoni, nikashindwa, nikakaa chini mlangoni. Mama hakumsimulia chochote na baba hakuuliza. Alikunywa chai mpaka nusu, akaweka kikombe chini.

"Njiani nimekutana na ntu," akasema.

"Ntu gani?"

"Simjui. Wa masharubu. Kaniuliza kama mimi ndiye mwenye nke mwenye maneno mengi, nikamwambia ndiyo."

Mama akatazama mikono yake.

"Kasema anamshukuru. Kasema ameacha kucheza, kinyago kamwachia mdogo wangu atafute kijana."

Akasema hayo, kisha akapandisha kanzu, akanyoosha ule mguu mbovu na kuuweka mapajani mwa mama. Goti lilikuwa limejaa kama papai. Chini yake, kuzunguka kifundo, ngozi ilikuwa imechubuka pale njuga zilipokaza. Hakuuficha, na kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Mama akamimina dawa kiganjani na kuanza kulichua goti. Alipofika kwenye michubuko, akaipaka nayo, taratibu, bila kuuliza.

"Kasema pia alilia humo ndani," baba akasema. "Mpaka masharubu yakabanduka."

"Hilo sikuliona," mama akamjibu. "Nilikuwa nimegeuka."