Habari ya Bibi Wakuru Niliyompa Daktari

Kuna siku moja, mwanangu Neema, ambayo hainitoki akilini, siku niliyokwenda Butiama kumwomba shangazi anisindikize Mwanza nikapasuliwe shingo. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na leo nautumia ukubwa huo. Umeniandikia kutoka Bunda kwamba wamekukuta na kivimbe kidogo kwenye tezi ya shingo na kwamba unataka kitolewe haraka. Kabla hujaamua, soma haya yaliyonipata.

Nilikuwa nimetoka chuo, najitolea kufundisha sekondari huku Nyegina, na Jumapili naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Siku ya mazoezi nilikuwa nakunywa maji, mwenzangu mmoja akanitazama shingoni akasema, "Wewe, una kitu hapo. Umemeza na chenyewe kimepanda." Nikashika. Kweli kilikuwepo, kama punje ya harage chini ya ngozi.

Unanijua nilivyo. Mwingine angemaliza mazoezi. Mimi niliondoka katikati ya wimbo, na mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshachagua watu wa kusoma neno kwenye maziko yangu.

Daktari wa Musoma alinipokea vizuri. Akanipima damu, akasema tezi inafanya kazi yake sawasawa. Akanipiga altrasaundi, akasema kivimbe hakijafika sentimita moja, kingo zake ni laini, na haoni dalili ya kumtia wasiwasi. Kisha akauliza swali ambalo na wewe utaulizwa, kama hujaulizwa: kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo?

Nikajibu bila kusita. Nikasema bibi yangu mzaa baba, Wakuru, alikufa na uvimbe mkubwa shingoni, na mimi ndiye niliyepewa jina lake.

Hilo la jina si dogo, na wewe unalijua. Baba yangu, yaani babu yako, alikuwa ananiita "mama" tangu niko mchanga, na shangazi ananiita hivyo hadi leo. Wazee wa Butiama walikuwa wakiniona wananishika kidevu na kuniambia nimefanana naye, hata shingo. Nilikua nikijua kwamba mimi ni Wakuru aliyerudi. Kwa hiyo daktari aliponiuliza, sikuwa nadhani. Nilikuwa na uhakika kabisa, na ndiyo maana sikumuuliza mtu.

Daktari akaandika. Akasema, "Bila hiyo habari ningekuambia turudie kipimo baada ya mwaka. Lakini kwa historia hiyo, na wewe mwenyewe unaniambia huwezi kukaa nacho, nakupa rufaa ya Mwanza wakaangalie suala la upasuaji."

Nikamuuliza upasuaji una hatari gani. Alinieleza wazi. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya ile tezi. Wengi wanapasuliwa na kubaki salama, lakini wapo wachache wanaotoka na sauti ya kukwaruza isiyopona, na wengine hubaki na vidonge vya kila siku. Mimi ni mwalimu, tena ninaimba. Nilitoka pale nikiwa na hofu mbili, kila moja inavuta upande wake. Nikikiacha, nitakufa kama Wakuru. Nikikitoa, huenda nikapoteza sauti. Nilisoma kwenye simu kila kitu kilichoandikwa juu ya shingo ya binadamu. Mwisho nikachagua kisu, kwa sababu nilimwogopa Wakuru kuliko ububu.

Ikapita miezi hivyo, ndipo nikaenda Butiama. Baba alikuwa amefariki tangu niko sekondari, na upasuaji haufanywi bila mtu mzima wa ukoo kujua. Shangazi nilimkuta uani anamenya mihogo ya kuanika. Alinipa kisu na mimi, maana kwake mgeni anakaa kwa kazi. Nikaeleza yote huku namenya, na nusu ya muhogo ikiondoka na ganda.

"Hebu nione hiyo shingo," akasema. Akapapasa kwa vidole vyenye utomvu wa muhogo. "Naona mifupa tu. Huko Musoma haulagi?"

"Shangazi, ni ugonjwa wa bibi. Nimeurithi kwake."

"Bibi yupi?"

"Wakuru. Nimemwambia daktari."

Akaacha kumenya. "Umemwambia daktari kwamba Wakuru alimzaa baba yako?"

"Si ndiye mama yake?"

"Ni mama yake. Ni mama yangu na mimi. Lakini hakutuzaa, mama."

Akanieleza kwa sauti ile ile ya kuniambia kisu hakikati. Wakuru hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, nyumba ikabaki tupu. Basi akatoa ng'ombe zake mwenyewe akaiolea nyumba yake msichana, kwa mila ile ya kwetu ya mwanamke kumwoa mwanamke, nyumba ntobhu. Watoto aliozaa yule msichana walikuwa watoto wa Wakuru. Jina lake, mji wake, ng'ombe zake. "Ndivyo ilivyokuwaga," akasema. "Nyumba isife."

"Na aliyewazaa?"

"Si ni Tabitha."

Mwanangu, Bibi Tabitha nilimfahamu. Tulipokuwa tunakuja Krismasi yeye ndiye aliyekuwa anatupikia uji wa ulezi na kutuchotea maji ya kuoga. Siku zote nilidhani ni jamaa aliyekaribishwa pale nyumbani. Sikuwahi hata kuuliza ni nani. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kwenye maziko nilikaa nyuma na wageni.

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Tulipobatizwa, jambo lile halikuwa la kusimulia kanisani. Na kwetu mtoto haulizwi ametoka tumbo lipi, ni matusi. Wewe ungekuja kuniuliza mimi kwa sababu ya ugonjwa, ningekuambia. Si nimekuambia?"

Nikamuuliza shingo ya Tabitha ilikuwaje. Akasema ilikuwa safi mpaka alipozikwa, alikufa kwa uzee. Mimi nikaendelea, maana nikianza siachi. Nikamuuliza na yule mwanaume je, aliyekuja kuzaa na Tabitha?

Shangazi akaweka kisu chini. "Unataka na huyo? Haya. Alikuwa mtu wa kule Kisorya. Alikufa mzee ana meno yake yote, na watoto wake wapo, shingo zao kama za korongo. Kuna mwingine unamtaka?"

Nikasema hapana.

Akarudi kwenye muhogo wake. Baadaye akasema neno ambalo ndilo hasa nililotaka kukuletea. "Mama, kufikiri unafikirigi sana. Shida yako unafikiri peke yako. Umekaa na ugonjwa wa mtu mwingine miezi yote hiyo, na mimi niko hapa namenya mihogo."

Nilimenya.

Hakuniambia nisitibiwe, usije ukamwelewa vibaya. Alisema daktari apewe habari iliyo sahihi, basi, halafu aseme yeye. Tena alikuja nami Musoma, amevaa gauni la kanisani, akakaa mbele ya daktari na kusimulia habari yote tangu Wakuru hadi Kisorya, bila kuona haya hata kidogo. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akakata maneno aliyokuwa ameandika.

"Na huyo Wakuru," shangazi akamuuliza, "ilikuwa saratani?"

"Siwezi kujua, mama. Uvimbe wake ulikaa muda gani?"

"Nimezaliwa nimeukuta."

"Basi huenda lilikuwa rovu la kawaida, uvimbe wa kukosa madini joto. Zamani chumvi yenye madini joto ilikuwa haipatikani huku. Lakini nasema huenda."

Maana yake sikuwa nimempa Wakuru undugu wa damu tu. Nilikuwa nimempa hata ugonjwa ambao hakuna mtu aliyewahi kuupima.

Daktari akanigeukia. Akasema vivimbe vya namna hii ni vingi mno kwa wanawake, na vingi havina madhara. Kwa ukubwa wa changu, kwa ile picha, na bila saratani kwa ndugu zangu wa damu, hata sindano ya kuchukua sampuli hakuona sababu yake kwa sasa. Tungerudia altrasaundi baada ya mwaka na kulinganisha picha mbili. Akanitajia mambo ya kunirudisha mapema: kikikua kwa haraka, sauti ikibadilika na kukaa hivyo, nikishindwa kumeza au kupumua vizuri, au nikihisi vinundu vingine pembeni mwa shingo. Kisha akasema kama bado nataka upasuaji rufaa ipo, uamuzi ni wangu.

Shangazi alikuwa ananisubiri nijibu. Nikasema nitasubiri.

Nisikudanganye kwamba niliamua na hofu ikaisha. Nilikishika kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Mwaka haujafika nusu, nilipita kituo kimoja huko kwenu Bunda nikapimwa kwa siri, wakaniambia ukubwa uliozidi wa Musoma kidogo. Nikarudi kwa daktari mbio. Akaziangalia picha zote mbili, akasema mashine tofauti na mkono tofauti huweza kuleta tofauti ndogo kama ile, na nikitaka kujua kama kinakua nipimwe mahali pamoja, kwa wakati uliopangwa, nikiwa na picha za mwanzo. Mwaka ulipotimia tukapima. Kilikuwa vile vile. Mwaka uliofuata vile vile. Sasa kuna siku zinapita bila kukishika.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wewe shingo yako si yangu. Usiseme kwa sababu mama mdogo alisubiri na mimi nitasubiri. Kama daktari wako ameona kitu kwenye picha kinachohitaji sindano, kubali sindano, na kama majibu yatataka kisu, nenda, nitakuja kukaa nawe wodini. Lakini muulize waziwazi: kipimo cha damu kinasemaje, picha inaonyesha nini cha kutia wasiwasi, tukisubiri tunasubiri nini, na nikipasuliwa napoteza nini. Ukisahau, rudi ukaulize tena. Mimi nilirudi mara nyingi na hakuna aliyenifukuza.

Akikuuliza habari za ukoo, mwambie mama yako mdogo ana kivimbe kidogo kinachofuatiliwa. Mwambie aliyemzaa babu yako ni Tabitha. Yale usiyoyajua usiyajaze mwenyewe, mpigie shangazi, bado yupo na bado anapenda kuulizwa. Atakutania kwanza, halafu atakueleza. Na siku ya kwenda hospitali usiende peke yako, maana mtu mwenye hofu anasikia nusu ya maneno, na anajibu kwa haraka kuliko anavyojua.

Mungu akupe daktari asiye na haraka, na mtu wa kukaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe. Akulindie shingo yako na sauti yako. Akupe usingizi usiku huu kabla ya majibu, si baada ya majibu tu. Amina.