Buda, Msasa na Ngozi Yangu

Mtu akiniambia leo eti buda yangu, baba mzazi, alinichuna ngozi kama mbao, bado nitamkunja shati. Ni kweli alinichuna. Lakini wacha nieleze vizuri.

Tulikuwa tunaishi Kaloleni, na buda kazi yake ilikuwa kuchonga: twiga, vifaru, vijiko vya watalii. Mimi shule niliachia darasa la saba. Kuchonga nilijifundisha nikimwangalia, na kusoma nikajiendeleza na magazeti ya kufungia nyama. Ndio ngozi ikaanza kuharibika. Viwiko, magoti, kichwani: mabaka mekundu, na juu yake magamba meupe yanaanguka kama unga. Kliniki wakasema inaitwa soriasisi, haiambukizi, wakanipa mafuta meusi ya lami. Nilikuwa nanuka kama barabara inajengwa.

Buda ndiye alikuwa ananipaka jioni, huku anapiga mluzi nyimbo za kanisa. Na ilisaidia! Kuna wakati nilivaa shati ya mikono mifupi mpaka Makadara, natembea kama hiyo barabara ni yangu.

Halafu Krismasi ikapita na magamba yakarudi, na safari hii mafuta hayakufanya kitu. Buda akafikiria kama fundi. Akaniambia, "Mbao ikishiba waksi haishiki waksi ingine. Lazima upige msasa kwanza."

Akachukua msasa mzee, ule umeisha makali, akauloweka kwa maji ya moto, akanipitishia polepole viwikoni na kwa vidole. Polepole, kama anamalizia shingo ya twiga. Mimi nilikubali. Huyu mtu alikuwa anafanya gogo linakuwa laini kama shavu ya mtoto, nani angemfundisha? Na ngozi iling'aa kweli, siku mbili hivi. Kisha mabaka mapya yakatoka palepale msasa ulipopita. Tukaongeza msasa.

Vidole vikapasuka. Hapo ndio nikaogopa, kwa sababu kwa karakana anakochongea buda walikuwa wamekubali nianze kazi kando yake baada ya Pasaka. Patasi haishikwi na mkono unatoa damu. Nikishindwa, hiyo nafasi inaenda kwa mwingine.

Jirani yetu, mama mmoja wa kutoka magharibi aliyekuwa anakaanga samaki mlangoni, akaniona nikinawa.

"Wewe kijana, hiyo dawa imekushinda."

"Haijanishinda! Hiyo ni dawa ya buda."

"Ni ya buda ama ya kliniki?"

"Mama, nakuheshimu, lakini mzee wangu usimguse."

"Nani amemgusa? Mimi naangalia mkono. Mkono umekuwa kama samaki sijampara magamba! Tangu Krismasi unapaka kitu kimoja na unaharibika tu, unangoja nini? Kubadilisha dawa si kumkana baba yako."

Nilichemka mpaka masikio. Nilikuwa natafuta jibu la kumkata nalo, kumbe buda alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Hakukasirika. Akasema tu, "Kesho tunaenda kliniki."

Daktari akaniuliza maswali. Ilisaidia mara ya mwisho lini? Imeenea mahali pengine? Inakuzuia kazi? Nilikuwa namjibu kwa ukali, kama amemshtaki mtu. Kisha akauliza, "Na kabla ya kupaka, mnafanya nini?"

Singesema hata angenining'iniza dirishani.

"Mimi humpiga msasa," buda akasema.

Nilikuwa nimekunja ngumi tayari, nangoja daktari acheke. Hakucheka. Akaeleza kwamba ngozi yenye ugonjwa huu ukiikwaruza, ugonjwa unatokea hapo kwa kidonda. Msasa ukome. Na hata bila msasa, lami peke yake haingetosha vidole vile. Akanipa mafuta mengine, ya muda mfupi tu kila mabaka yakirudi, akakataza nisiyazidishe. Mafuta ya mgando ya kulainisha, na jua kidogo asubuhi. "Ukitumia dawa hii vizuri wiki kadhaa na haishiki, ama ugonjwa unaenea, ama kazi inakushinda, urudi. Usijikaze."

Tukatembea mpaka Jogoo Road. Buda akasema, "Mwanangu, nimekuumiza."

"Usiseme hivyo, Baba! Nani mwingine alikuwa ananipaka? Nani? Mtu akisema neno moja juu yako, mimi—"

"Nyamaza kwanza. Wewe ukinitetea hivyo, mimi nitajuaje dawa imekataa?"

Namshukuru mpaka leo kwa hilo swali kuliko hata kwa mafuta. Kuanzia hapo, kila Jumapili tukitoka kanisani ananishika kiwiko anauliza, "Sema ukweli. Inafanya, haifanyi?" Na nilikuwa nasema ukweli, hata ukiniuma.

Pasaka ilipoisha vidole vilikuwa vimefunga. Si vyote, lakini patasi ilishikika, nikakaa kando yake. Mama wa samaki nilimpelekea kijiko cha kwanza nilichochonga, kimepinda. Akakicheka, na akakitumia.

Mwaka uliofuata mafuta yale nayo yakachoka. Nikajua, kwa sababu mabaka yalikuwa yanarudi haraka kuliko zamani. Nikasema palepale karakana, wachongaji wote wanasikia: "Baba, hii imekataa."

Akapangusa vumbi mikononi, akasimama. "Haya, twende."