Ng'ombe wa Mogesi Kwenye Mlingoti wa Nchagwa

Pale Nyanungu kuna watu wanaopenda pombe, kuna wanaopenda kesi, na kuna Nchagwa, ambaye alipenda kuongea na watu asiowaona. Alikuwa fundi wa simu mjini mpaka akastaafu, na aliporudi nyumbani hakuja na gari wala mabati. Alikuja na redio ya mawasiliano, betri ya sola, leseni ya redio ya ridhaa, ya kuongea hewani kwa mapenzi tu, aliyoitundika pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi, na bomba refu la chuma alilolisimamisha nyuma ya nyumba liwe mlingoti wa antena. Rafiki yake mkubwa hewani alikuwa mzee mmoja wa Finland aitwaye Veikko, na mazungumzo yao yalikuwa mvua huku, theluji kule.

"Mtu wa Finland unamuuliza kama mvua imenyesha," mkewe Wegesa alikuwa akimwambia. "Mimi niliye hapa hujawahi kuniuliza kama nguo zimekauka."

Redio hiyo haikuguswa na mtu mwingine. Hata Wegesa hakuruhusiwa kuifuta vumbi.

Sasa, huku kwetu radi si hadithi. Kila masika inaondoka na ng'ombe wa mtu. Kwa hiyo mlingoti ulipopita urefu wa paa la kanisa, majirani walikuja juu, wakiongozwa na Mogesi, mjane wa binamu yake Nchagwa, mama mwenye ng'ombe watatu na mdomo wa kuwalinda thelathini. Wakasema bomba lile linaita radi, literemshwe. Nchagwa angeweza kuwajibu kwa kifupi, lakini siku hiyo alikuwa amepata wasikilizaji wanaoonekana. Akawapeleka nyuma ya nyumba, akawaonyesha waya mnene wa shaba uliotoka kwenye mlingoti hadi kwenye vyuma alivyovipigilia chini. Radi ikija, akasema, inapita humu, inaingia ardhini, kwisha habari. Kwamba kebo ya antena lazima ifunguliwe kabla ngurumo haijakaribia, na kwamba mtu mwenye akili hukaa mbali na mlingoti, hakusema. Maneno hayo yangepunguza utamu wa hotuba. Watu wakaondoka wameridhika. Waliridhika kupita kiasi, masikini.

Alasiri moja ya masika wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa mpakani. Nchagwa alikuwa hewani na Veikko, spika za kichwani zimemziba masikio, akashtuka ngurumo imeshafika. Alinyoosha mkono afungue kebo, ile inayofunguka kwa kuizungusha taratibu, ndipo macho yake yakapita dirishani. Nyuma ya nyumba palikuwa kama mnadani. Ng'ombe wa jirani huyu, mbuzi wa yule, wote wamebanana kuuzunguka mlingoti, na Mogesi ameinama anafunga kamba ya ng'ombe wake mweupe, mwenye mimba, kwenye ule waya wa shaba wenyewe.

Nchagwa alipayuka neno moja mawili kwenye maiki, akaitupa, akatoka mbio.

"Shemeji, mfungue huyo ng'ombe! Radi inashuka hapo!"

"Si ndiyo tunachotaka?" Mogesi akasema, anakaza fundo. "Inashuka hapo, inaingia ardhini. Ulisema kwa mdomo wako."

"Na ng'ombe wamesimama wapi? Si hapo hapo ardhini?"

Mogesi alimtazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Nchagwa, wewe ni mchoyo. Una mlingoti mrefu hivi, na sisi unatunyima hata mahali pa kusimama?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Nchagwa akaeleza tena, kwa sauti ya juu zaidi, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwona mchoyo. Wegesa ndiye aliyeona tatizo lilipo.

"Mura, mwanaume wewe, unapiga kelele, na mtamba wetu amefungwa hapo hapo tangu asubuhi. Nani atakuamini?"

Kweli, mtamba wao alikuwa pale, anatafuna. Ngurumo nyingine ikapiga, karibu zaidi. Nchagwa alitazama dirisha la chumba cha redio, akamtazama mtamba, na moyo ukamuuma kabisa, kwa sababu muda ulitosha kitu kimoja tu.

"Wegesa, fungua kebo!"

"Ipi? Umenikataza hata vumbi!"

Lakini alikuwa ameshakimbilia ndani. Nchagwa akamfungua mtamba, akauvuta mkia, akamkurupusha kuteremka bondeni huku kofia ikianguka. Hotuba watu wanaweza kuibishia. Mwanaume anayekimbia na ng'ombe wake mwenyewe hakuna Mkurya wa kumbishia. Mogesi alikata kamba kwa panga, na majirani wote wakashuka bondeni, ng'ombe, mbuzi na matusi.

Wegesa alifika wa mwisho, anahema, ameshika waya mkononi kwa ushindi. Nchagwa akautazama. Ilikuwa chaja ya simu.

Hakuwahi hata kufungua mdomo. Mwanga ulipasuka kule juu, mlio ukawakalisha wote chini, na mlingoti ulipoonekana tena ulikuwa umepinda. Ng'ombe walikuwa wazima wote. Redio ilikuwa imeungua mpaka ndani, nyeusi, inanuka.

Asubuhi yake watu walikuja kutoa pole kama kwenye msiba wowote. Wakajaa chumba kile ambacho hakuna aliyewahi kukanyaga, wakaizunguka redio kwa heshima. Mogesi alileta maziwa kwenye kibuyu.

"Na huyo mtu wako," akauliza, "uliagana naye?"

"Sikupata nafasi. Nilimwambia tu radi inakuja na ng'ombe wa shemeji wamefungwa kwenye mlingoti, nikaondoka."

Mogesi akashusha kibuyu. "Kwa hiyo mpaka sasa anajua wamekufa?"

"Pengine. Na yule ng'ombe wako mweupe alikuwa anamuulizia kila wiki, kama ameshazaa."

"Anamjua mweupe wangu?"

"Anawajua wote. Mvua na theluji zinaisha haraka, shemeji. Zikiisha nilikuwa namweleza habari zenu."

Nchagwa aliona aibu, kisha machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Wegesa alimshika bega.

Mogesi alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni kama anayekwenda kupigana.

"Hii redio itatengenezwa," alisema. "Haiwezekani mtu akae huko Finland anaomboleza ng'ombe ambao saa hizi wanakula mahindi yangu."