Kikosi cha Mian Barkat

Tufail wa Hall Road alikuwa fundi hodari, na ubaya wake ni kwamba alijijua. Miaka ishirini na mbili alikaa kwenye meza ile ile, ghorofa ya pili ya jengo la vifaa vya umeme hapo Lahore, ana taa moja na mdomo usiofungwa. Mteja akileta redio iliyoingiwa na mende, husemwa kwanza ndipo redio ifunguliwe. Mkewe, Shagufta, alichoka kumwambia apunguze kelele aongeze macho. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu moja akapanda ngazi Mian Barkat, mzee wa miaka sabini na sita, mstaafu wa karakana ya reli ya Mughalpura. Alikuwa amefunga mashine yake ya michezo ya video ndani ya shuka. Mashine yenyewe ni ya zamani, haitengenezwi tena, na jicho lake la kusomea diski lilikuwa limekwisha. Kila siku baada ya sala ya alasiri mzee alicheza kriketi humo. Wachezaji waliokuja na mchezo hakuwataka. Aliunda kikosi chake mwenyewe, akawapa majina ya wenzake wa karakanani: Sadiq wa boila, Lal Din wa nyundo, Yaqub Masih wa stoo, mpaka wakatimia kumi. Wa kumi na moja alikuwa yeye. Wale kumi wote walishatangulia mbele ya haki. Humo ndani tu ndimo walimokuwa bado wanakimbia.

Tufail akamweleza kwamba macho yanayouzwa siku hizi ni takataka, wiki mbili tu yamekufa. Dawa ni kuipiga mashine programu nyingine, ile wanayotengeneza wapenzi wa mashine hizi wenyewe, halafu mchezo ukae humo humo ndani, diski isihitajike tena. Mzee alikuwa na swali moja.

"Na vijana wangu?"

"Hata chafya hawatapiga, Mian Sahib. Nenda kalale."

Ahadi ikatoka kabla ya kazi kuanza. Mzee alipoondoka, Tufail akajaribu kukinakili kile kikosi kwenye flashi, akiweke pembeni kwa usalama. Mashine ikakataa, mchezo ule ulifungwa usinakiliwe. Na kuchomoa hifadhi kuisoma kwenye mashine nyingine hakuwezekani, kwa sababu kila bodi ina ufunguo wake. Bodi ikifa, na wale kumi wamekwenda. Hapo mwenye akili angempigia mzee simu. Tufail hakumpigia.

Kuanzia hapo kazi ikamtia wazimu. Flashi ya kwanza haikuonekana. Ya pili ikaonekana, mashine ikasema faili ni bovu. Akalipakua upya kwa intaneti inayotambaa, likafika asilimia tisini na sita likakatika. Jumanne yote ikaishia hapo. Jumatano akalipata, lakini ratiba ya mgao ilionyesha umeme unakatika saa nane, na saa saba na nusu ilishapita. Ashfaq, jirani yake muuza makava ya simu, akamuuliza kama anatengeneza mashine au anaisomea hitima. Tufail akamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Sasa, mashine za aina ile zipo za namna mbili. Za mwanzo zinaikubali programu ngeni. Za mwisho ukizilazimisha zinakufa papo hapo. Kuna njia ya kuipima bodi ujue ni ipi, kazi ya dakika kumi, na kuna kuchukua nakala ya programu ya zamani ili ukikosea urudi nyuma. Ashfaq akamuuliza kama ameipima.

"Kibandiko kiko nyuma, kimeandika ni ya mwanzo," Tufail akasema. "Kwani mimi sijui kusoma?"

Akapiga kabla ya saa nane. Asilimia mia. Mashine ikazimika, ikawaka, ikalia mara tatu, ikabaki na taa nyekundu. Akaiwasha tena ikalia vile vile. Akairudia mpaka Ashfaq akaacha kucheka.

Akaifungua kwa hasira. Ganda lilikuwa la mwanzo, bodi ni ya mwisho. Jambo hilo Hall Road hakuna asiyelijua: kontena la mitumba likishuka kutoka Dubai, mashine yenye ganda lililopasuka huvalishwa ganda la marehemu mwingine, ikauzwa, na kibandiko kikabaki kusema uongo. Tufail akamtukana aliyefanya hivyo, akamtukana na ukoo wake, jengo zima likasikia. Kisha akaona skrubu za ndani zinazoshika bodi. Kila moja ilikuwa na tone la rangi ya kucha, zambarau.

Kila fundi pale ana rangi yake, ili mteja asimletee kazi ya mwingine akadai warantii. Zambarau ilikuwa ya Tufail. Chupa yenyewe ilikuwa ya Shagufta. Matusi yakaishia hapo. Wala hakuikumbuka ile mashine, maana alishavalisha mamia.

Alhamisi mzee akaja. Ashfaq alishamfundisha Tufail aseme ni hitilafu ya umeme, nani atabisha katika mji huu? Tufail alikuwa amelikubali. Lakini mzee alikaa kwenye stuli, akaitazama ile bodi uchi mezani.

"Vijana wamekwenda?"

"Wamekwenda, Mian Sahib. Ganda si lake. Ilibadilishiwa."

"Na nani?"

Tufail akazitazama skrubu. "Na mimi. Na jana sikuipima. Ningeipima ningeona."

Akaharakisha kusema atampa nyingine nzuri zaidi, bure, na kikosi watakiandika upya wote wawili, leo leo. Mzee akaanza kukusanya vipande vya mashine yake kwenye shuka, kimoja kimoja.

"Wale niliwazika mmoja mmoja, Tufail," akasema. "Kila mmoja nilipata siku zangu za kumlilia. Wewe umenizikia kumi kwa mpigo, na mimi mwenyewe humo humo umenitia."