Chang'aa ya Injini

Mume wangu alinunua injini ya boti kabla hajajua kuogelea, na hata baadaye hakujifunza. Sisi ni watu wa milimani, upande wa Nyamira. Lakini alikuwa amegundua kwamba wavuvi wa ng'ambo ya ghuba, kule ziwani, hawana ndizi, nasi tulikuwa nazo kuliko tulivyoweza kula. Basi tulipakia mikungu kwenye lori, tukapitia Kisii mjini, tukateremka hadi ziwani. Huko nahodha mmoja Mjaluo alituvusha kwa mashua yake na injini yetu, ambayo ilikuwa imeizidi ndoa yetu umri.

Miaka ya sabini petroli ikaadimika. Kisii mjini wenye magari walipewa kwanza, na mtu mwenye injini ya boti mlimani hakuchukuliwa kwa uzito. Dereva wa lori akamwambia mume wangu kwamba spiriti kali huchanganyika na petroli. Jirani yetu mjane alikuwa akipika chang'aa nyuma ya migomba. Mume wangu alifundisha shule ya Sabato, kwa hiyo hangeweza kuonekana pale. Akanituma mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanakwaya tu.

"Nataka chang'aa," nikamwambia yule mjane. "Ile ya kwanza kutoka, iliyo kali."

"Ya mgonjwa?"

"Ya injini."

"Sawa, mama. Hapa kila mtu huja na mgonjwa wake."

Nyumbani mume wangu aliimimina kwenye kijiko akaiwasha. Iliwaka buluu, bila moshi, naye akaridhika.

Safari ya kwanza alitia kidogo, injini ikakohoa lakini ikafika. Safari iliyofuata akatia nusu kwa nusu. Tulipofika katikati ya ghuba ikazima. Nahodha alivuta kamba mpaka viganja vikawa vyekundu. Upepo ulikuwa ukitusukuma tusikokujua, nami nilikuwa nimekumbatia mkungu wa ndizi kana kwamba ungenisaidia.

"Mzee, umetia nini humu?" nahodha akauliza.

"Petroli," mume wangu akajibu.

"Na nini?"

"Na kitu kingine."

Nahodha alifungua tangi, akanusa, akafunga. Kisha akachukua kasia, akampa mume wangu la pili. Walipiga makasia mpaka alasiri.

Ufukweni mume wangu alimimina yale mafuta kwenye chupa ya kioo. Yalikuwa yamejitenga: petroli juu, chang'aa na maji yake chini, palepale mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini unapofyonzea. Mpira wenyewe ulikuwa umevimba na kulegea kama utumbo uliochemshwa. Kabureta ilijaa uchafu wa miaka mingi, ambao chang'aa ilikuwa imeubandua ndani ya tangi.

Wiki hiyo mzee wa kanisa akaja nyumbani.

"Dada, umeonekana ukitoka kwa yule mama na galoni."

"Ni kweli, mzee."

"Galoni nzima?"

"Ilikuwa ya injini."

Akamgeukia mume wangu. Mume wangu aliingia ndani akaleta ule mpira. Mzee aliubonyeza kwa muda mrefu.

"Huu ulikuwa mgumu?"

"Mgumu kabisa, mzee."

"Naomba niende nao."

Sabato iliyofuata alihubiri juu ya kiasi. Aliuinua ule mpira mbele ya kanisa lote, akauacha uning'inie, akasema hivyo ndivyo matumbo ya mlevi yalivyo. Hakututaja. Wanaume wawili wa benchi la nyuma waliinamisha vichwa. Mume wangu alisikiliza akiwa amefungua Biblia, na mahubiri yalipokwisha nilisimama na kwaya nikaimba.

Tulifunga mpira mpya, mume wangu akaisafisha kabureta, na injini ikaendelea kutuvusha kwa miaka kadhaa zaidi. Petroli ilipokosekana tulikaa nyumbani, tukala ndizi.