Utomvu wa Ndizi Kwenye Kitabu cha Sista

Juzi nilirudi Mabira, kwenye nyumba ya bibi mzaa baba, kutoa vitu vyake kabla mchwa hawajavimaliza. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati, nikakuta kitabu changu cha Kihispania. Siku hizi simu inanisomea hadithi za watoto kwa lugha hiyo, na kila nikimaliza sentensi inanipigia makofi. Siiamini. Mimi nimelelewa na mtu ambaye akisifiwa alikuwa anapapasa mifuko yake kwanza.

Hebu nikuambie kitabu kilikotoka. Parokiani kwetu kulikuwa na mtawa kutoka Hispania aliyetufundisha katekisimu. Aliona nina sikio jepesi, akanipa kitabu cha picha na kaseti yake: sikiliza, fuata kwa kidole, sikiliza tena. Ilikuwa hadithi ya mwanambuzi aliyepotezana na mama yake, na mbwa mwitu aliyemfuata nyuma.

Bibi hakupenda hata kidogo. "Mtu akikufundisha lugha ya kwao, ana safari na wewe," alisema. Lakini hakunikataza, alifanya baya zaidi, alikuja kusikiliza. Kila jioni, buni zikishaanuliwa, aliketi kando ya redio akimenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, sikio limeelekea kwenye kaseti kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Maharage yananukia jikoni, ndama analia nyuma ya nyumba, na yule mama anayesoma hadithi kwenye kaseti anaendelea na yake.

Siku moja bibi akaacha kumenya. Alikuwa amesikia neno: *la mata*. Kwao Rwanda, alikotoka akiwa binti, *amata* ni maziwa.

"Huyo sista wako anauliza maziwa," akasema. "Anataka kujua tuna ng'ombe wangapi."

Jumapili ile sista alipopita kutusalimu, nilimpa shikamoo, na kabla hajaitikia vizuri bibi akamwambia, "Sisi hapa hatuna maziwa, Sista." Ndama akalia hapo hapo. Nilitamani nikajifiche migombani.

Mgeni alipoondoka nilimweleza bibi kwamba hakuna aliyeuliza maziwa. *La mata* maana yake anamwua. Mama mbuzi anaota kwamba mbwa mwitu anamwua mwanambuzi. Nilidhani nimemtoa wasiwasi. Akaniomba nimwonyeshe neno lenyewe, yeye ambaye hakujua hata a, akaliwekea kidole muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu mtoto anakufa?"

"Sijafika mwisho, bibi."

Na sikufika. Bibi alikuwa amekisia sawasawa, sista alikuwa na safari na mimi. Alinitafutia nafasi shule ya bweni Kayanga, nikaondoka nikiwa ukurasa wa tisa. Kitabu, kaseti na redio vikabaki na bibi, peke yake nyumbani. Likizo nilirudi nikijiona msomi, nakariri Kiingereza kwa sauti ili majirani wasikie, wala sikukigusa kitabu cha watoto. Bibi hakuniuliza habari za mwanambuzi. Alinitazama tu, kwa jicho lile lile alilomtazamia sista, na hilo liliniuma kuliko nilivyokubali. Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Sasa redio haipo, nusu ya migomba imekwenda na ugonjwa wa mnyauko, na pale alipokuwa akianika buni pameota nyasi. Hakuna tena wa kuwashuku watu kwa niaba yangu. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, na siiwezi kama yeye.

Nilikaa sakafuni nikakifungua kitabu. Hadi ukurasa wa tisa nilizijua alama zangu za kucha. Baada ya hapo kurasa zilipaswa kuwa safi, lakini zina madoa meusi ya utomvu, doa la kidole baada ya doa la kidole, mstari kwa mstari. Nikaelewa polepole. Nilipoondoka, bibi aliendelea kuiwasha kaseti, akilitafuta kwa kidole neno moja tu alilolijua.

Ukurasa wa mwisho alilipata tena. Amelipapasa mpaka karatasi imekaribia kutoboka. *La mata.* Kabla yake kuna neno dogo, *no*, lenye herufi mbili tu, ambalo halikuguswa. Yakisomwa pamoja maana yake hamwui. Mwanambuzi anafika nyumbani salama. Neno hilo sikuwahi kumfundisha.